Bakteria Anagawaje Protini Zake Chakula Kinapobadilika? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya darasani kwangu Sinza, ambako jioni nafundisha baiolojia vijana wa kidato cha tano na sita. Mengine yameulizwa na wanachuo wanaopita kuomba msaada, na mawili ni ya majirani ambao hawana mtihani wowote mbele yao. Bakteria ninayemtolea mfano karibu kila mahali ni Escherichia coli, mkazi wa utumbo, kwa kuwa ndiye aliyechunguzwa kuliko wenzake wote tangu Theodor Escherich alipomweleza mwaka 1885. Nikimtaja mwingine nitasema.

Mwalimu, bakteria ana nini hasa cha kugawa?

Ana nafasi, na ana mikono ya kufanyia kazi. Seli moja ina urefu wa kama maikromita 2, na ndani yake zimejazana protini milioni kadhaa. Ukimkausha maji yote yakaisha, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni protini. Ni gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni: ukitaka kumpandisha mtu, lazima kuna anayeshuka.

Jeni zake ni takriban 4,300, lakini haziwezi zote kutoa protini kwa wingi kwa wakati mmoja, maana hapatoshi. Jumla ya protini ndani ya seli haiyumbi sana. Kinachoyumba ni mafungu. Watafiti hupenda kuzipanga katika mafungu makubwa matatu: ribosomu na wasaidizi wake, ambazo ndizo zinazotengeneza protini zote, vimeng'enya vya kuingiza chakula na kukigeuza kuwa malighafi, na fungu la shughuli za kila siku za nyumba, ambalo halitikisiki sana hali ikibadilika. Fungu la kwanza likivimba, la pili linanywea, na kinyume chake. Ukishika hilo, mengine yote ya ukurasa huu ni matokeo yake.

Nieleze kwa mfano wa nyumbani, istilahi zinanichosha.

Haya. Kona ya pili kutoka kwangu kuna mama ntilie mwenye wasaidizi watano. Siku akipata mchele uliokwisha kuchambuliwa, nazi zilizokunwa na samaki walioparwa kulekule Feri, anamwacha mtu mmoja apokee mizigo na wanne wanasimama majikoni. Sahani zinatoka mfululizo.

Siku nyingine mfuko umemkaba. Mchele una mawe, nazi zimekuja na vifuu vyake, samaki wana magamba. Watatu wanakaa chini: mmoja juu ya mbuzi, mmoja na ungo, mmoja na kisu. Majikoni wanabaki wawili. Wateja wanaguna kwenye benchi, lakini wapishi hawajawa wavivu. Mikono imehamia kwenye maandalizi.

Bakteria ndivyo anavyofanya. Mweke kwenye mchuzi mzito wenye asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zikiwa tayari, anahamishia protini nyingi kwenye ribosomu, yaani majikoni, na anagawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mpe glukosi na chumvi tupu, ambapo asidi amino zote 20 lazima azitengeneze mwenyewe, atahitaji karibu saa moja. Mpe asetati tu, ile chumvi ya siki, itamchukua hata saa mbili. Mkazi ni yuleyule na jeni zake ni zilezile. Tofauti iko kwenye nani amekaa wapi.

Mfano wangu unavunjika mahali pamoja, na pazuri kweli: jiko la mama ntilie halipiki jiko. Ribosomu inatengeneza ribosomu.

Hiyo ya ribosomu kujitengeneza ina uzito gani?

Chukua kikokotoo. Ribosomu ya bakteria imeundwa kwa protini zaidi ya 50 pamoja na nyuzi 3 za RNA, molekuli ndugu ya DNA. Ukihesabu asidi amino zote zilizo katika protini hizo unapata kama 7,300. Ribosomu iliyochangamka huunganisha hadi asidi amino 20 hivi kwa sekunde. Gawanya 7,300 kwa 20, unapata sekunde 365. Dakika 6.

Kwa hiyo ribosomu moja, hata isipofanya kazi nyingine yoyote duniani, itatumia dakika 6 kutengeneza protini za mwenzake mmoja. Sasa kumbuka kwamba hiyo hiyo inatakiwa pia itengeneze utando, vimeng'enya, mikia ya kuogelea na kila kitu kingine. Ndiyo maana anayetaka kugawanyika kila dakika 20 hana njia ila awe na ribosomu nyingi sana. Seli inayokua kwa kasi huwa na makumi ya maelfu, zinaweza kufika 70,000. Inayokua polepole ina elfu chache tu.

RNA nayo si mzigo mdogo, maana kwa uzito ndiyo theluthi mbili ya ribosomu. E. coli ana nakala 7 za jeni za hiyo RNA, ili aweze kuimwaga haraka akihitaji. Bakteria wa kifua kikuu ana nakala 1, na hugawanyika mara moja katika saa kama 20. Wanafunzi wangu huiona hesabu hii kama mchezo; mimi naiona ndiyo mlango wa somo zima.

Nani aligundua mambo haya?

Mwaka 1958, jijini Copenhagen, Moselio Schaechter, Ole Maaløe na Niels Ole Kjeldgaard walikuza Salmonella kwenye vyakula vingi tofauti, kimojakimoja, wakapima uzito wa seli, RNA na DNA. Walichokiona kinashangaza hadi leo: aina ya chakula haikuwa na maana sana. Vyakula viwili visivyofanana kabisa, almradi vinampa bakteria mwendo uleule wa kukua, vilitoa seli za ukubwa uleule na zenye RNA ileile. Ukijua mwendo, umejua umbo la ndani.

Baada ya hapo somo lilipoa kidogo, kwa sababu dunia yote ilihamia kwenye jeni mojamoja. Lilirudi kwa kishindo mwaka 2010, pale Matthew Scott, Terence Hwa na wenzao walipochora mistari miwili iliyonyooka. Mstari wa kwanza: boresha chakula, mwendo unapanda na fungu la ribosomu linapanda pamoja nao. Mstari wa pili: acha chakula kama kilivyo, tia kidogo kloramfenikoli, dawa ya antibiotiki inayobana ribosomu, mwendo unashuka, lakini fungu la ribosomu linapanda. Mistari hiyo miwili ikikatana ndipo unapata mgawanyo wa seli. Hesabu yake ni ya kidato cha nne, na inashangaza kwamba kitu chenye jeni 4,300 kinaweza kuelezwa kwa rula.

Bakteria hana ubongo. Anajuaje kwamba chakula kimepungua?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo linalonifanya nilipende somo hili. Bakteria haendi sokoni kuuliza bei. Anasikiliza karakana yake.

Ribosomu inaposoma ujumbe inasubiri kibebeo, uzi mdogo wa RNA unaoleta asidi amino. Chakula kikipungua, vibebeo vinaanza kufika mikono mitupu. Kibebeo kitupu kikiingia kwenye nafasi yake, protini iitwayo RelA iliyokaa pembeni inashtuka na kuanza kutengeneza molekuli ndogo, ppGpp. Molekuli hiyo inasambaa kwenye seli nzima na kubana utengenezaji wa RNA ya ribosomu. Majiko mapya hayajengwi tena. Vibebeo vikianza kufika vimejaa, ppGpp inapungua na ujenzi unaendelea.

Michael Cashel na Jonathan Gallant waliiona mwaka 1969 ikiwa madoa kwenye karatasi ya kutenganishia kemikali. Bakteria walionyimwa asidi amino walitoa madoa ambayo walioshiba hawakuwa nayo, wakayapa jina la madoa ya kimazingaombwe.

Tazama uzuri wa mpango huo. Mama ntilie mwenye akili hahitaji kujua mvua imenyesha Mbeya au meli ya mchele imechelewa bandarini. Anaangalia meza: kama vilivyoandaliwa vimerundikana na havijapikwa, aongeze watu jikoni, kama wapishi wamesimama wanasubiri nazi, awapunguze awapeleke kwenye mbuzi. Bakteria anatumia kanuni hiyo hiyo kwa chakula ambacho mababu zake hawajawahi kukutana nacho.

Na vimeng'enya vya chakula vinaongezwaje? Ni ppGpp hiyo hiyo?

Kwa kaboni kuna mjumbe mwingine, cAMP. Sukari nzuri ikipungua, cAMP inapanda, inashikana na protini iitwayo CRP, na wawili hao wanawasha jeni nyingi za kusaka na kusaga vyanzo vingine vya kaboni. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba mjumbe huyu naye anasikiliza karakana. Kinachokosekana kikiwa ni naitrojeni, malighafi za kaboni zinarundikana kwa kukosa wa kuzitumia, na mrundikano huo unaizima cAMP. Hakuna haja ya kuongeza wakuna nazi wakati tui limejaa masufuria na hakuna mchele.

Nikimwekea sukari mbili kwa pamoja, atakula zote?

Mara nyingi hapana. Jacques Monod aliliona hilo Paris wakati wa vita kuu ya pili, akalieleza mwaka 1941: bakteria waliopewa glukosi na laktosi walikula glukosi kwanza, wakasimama, kisha wakaanza laktosi. Mchoro wa ukuaji una vilima viwili na uwanda katikati. Kutokana na uchunguzi wa aina hiyo ndipo lilipotokea fumbo la jeni za laktosi, ambalo Monod na François Jacob walilifumbua, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na André Lwoff.

Niruhusuni nisimulie. Nikiwa mwaka wa pili chuoni tulifanya jaribio hili, mimi na mwenzangu, kwa chupa nne. Kila dakika 10 tunachota kidogo, tunapima ukungu wa maji kwa mashine ya mwanga, tunaandika. Maji yalianza maangavu, yakawa kama yaliyosuuzia mchele, namba zikapanda vizuri. Halafu zikakwama: 0.41, 0.41, 0.42, 0.41. Nilitoka kwenda kununua chapati. Niliporudi mwenzangu alikuwa ameshamwaga chupa tatu kwenye sinki, ananiambia, "Ndugu yangu, hawa wamekufa, tuoshe vyombo tukalale." Ya nne aliisahau kwenye kitikisio. Dakika 20 baadaye ilisoma 0.47, kisha 0.58, na haikusimama tena. Ripoti yetu ilikuwa na chupa moja, na msimamizi alituandikia kwa kalamu nyekundu swali ambalo sijalisahau: "Walikuwa wanafanya nini wakati mnadhani wamekufa?"

Walikuwa wanahamisha mikono. Glukosi inapoingia inaufunga mlango wa laktosi, ile protini ya utandoni inayoipitisha. Glukosi ikiisha, mlango unalegea, laktosi chache zinapenya, na molekuli inayotokana nazo inaing'oa protini iliyokuwa imekalia jeni husika. Hapo kazi inaanza: kutengeneza milango zaidi, na kutengeneza kimeng'enya cha kukata laktosi kuwa glukosi na galaktosi. Kimeng'enya hicho ni kikubwa, kina sehemu nne zenye asidi amino zaidi ya 1,000 kila moja, na kitatengenezwa kwa kaboni ipi wakati kaboni ndiyo inayotafutwa? Kwa akiba ndogo iliyobaki. Ndiyo maana ya uwanda.

Si angekaa navyo vyote tayari, asipate usumbufu?

Angekaa navyo, angepitwa na jirani yake.

Protini isiyo na kazi ni abiria asiyelipa nauli. Watafiti wamewalazimisha bakteria kutengeneza protini zisizohitajika wakapima hasara. Protini ya bure ikichukua asilimia 10 ya zote, mwendo wa kukua unashuka kwa kama moja ya tano. Ikikaribia nusu, ukuaji unakaribia kusimama kabisa, maana ile sehemu isiyotikisika haitoi nafasi na kinachoumia ni ribosomu na vimeng'enya.

Kwenye laktosi yenyewe, Erez Dekel na Uri Alon walichapisha mwaka 2005 jaribio la kukuza E. coli kwa vizazi mamia katika viwango mbalimbali vya laktosi. Kila kundi lilibadilika likaelekea kiasi cha kimeng'enya ambacho faida yake inazidi gharama kwa kiwango hicho cha laktosi. Waliokosa laktosi kabisa waliipoteza ile kazi. Hakuna aliyewaambia wapunguze matumizi. Waliobeba mzigo waliachwa nyuma tu.

Mbona basi anatunza ribosomu zisizofanya kazi?

Swali hili liliulizwa na binti mmoja wa kidato cha tano aliyekuwa amekaa nyuma kimya tangu muhula uanze, na lilinifurahisha kwa sababu linaharibu hadithi safi niliyokuwa nimemaliza kuisimulia.

Kweli, chakula kikiwa duni sana, fungu la ribosomu halishuki hadi sifuri. Anabaki na nyingi kuliko anazozitumia, nyingine zimekaa bure. Njaa ikizidi, E. coli huzifunga ribosomu zake mbilimbili kwa protini maalumu na kuzilaza, hazifanyi kazi wala hazibomolewi. Kwa hesabu ya mwendo wa leo hiyo ni hasara tupu.

Lakini chakula cha bakteria hakiji kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Utumboni kinashuka kwa mafungu, mtu anapokula. Kwenye mfereji kinakuja na mvua ya kwanza ya vuli inaposomba taka za wiki nzima. Mwenye majiko tayari anaanza kupika dakika hiyo hiyo. Asiyenayo atatumia mlo wa kwanza kujengea jiko. Kwa maoni yangu, vitabu vinavyosema kwamba bakteria "hulenga kukua kwa kasi iwezekanavyo" vinarahisisha kupita kiasi. Kuna kasi ya leo na kuna utayari wa kesho, na vyote vinalipwa kutoka mfuko mmoja.

Je, wapo wanaoweza vyote viwili, kasi na utayari?

Hapo ndipo wahenga wanapopata ushahidi wa maabara: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

E. coli akila glukosi kwa kasi, hutema asetati nje hata kama hewa ya oksijeni ni tele. Ni kama kumwaga chakula kilichoiva nusu. Kwa miaka mingi watu walijiuliza kwa nini apoteze kaboni namna hiyo. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2015 ni ya kibajeti: njia ya kupumua kwa oksijeni inatoa nishati nyingi kwa kila gramu ya sukari, lakini inahitaji protini nyingi kuiendesha. Njia ya kutema asetati inapoteza sukari ila inadai protini chache. Sukari ikiwa tele, ghali ni protini. Anaokoa protini, anapoteza sukari, na nafasi iliyookolewa inaenda kwenye ribosomu.

Glukosi ikiisha, kilichobaki kwenye chupa ni asetati, makombo yake mwenyewe. Kuyala kunahitaji njia zake za kikemia ziende kinyume: badala ya kubomoa sukari sasa anapaswa kuijenga kutoka chini. Vimeng'enya vya safari hiyo ya kurudi alikuwa amevipunguza. Matokeo ni saa nyingi za kusimama. Mwaka 2020 Markus Basan na wenzake walionyesha kwamba kadiri bakteria alivyokuwa anakua kwa kasi kabla ya badiliko, ndivyo anavyochelewa zaidi baada yake. Aliyekuwa anakwenda polepole anaamka mapema.

Mtindi wangu nao una mambo haya?

(Hili ni la jirani anayeuza mtindi.) Unayo, dada, tena kwa sura yake. Bakteria wa mtindi hawana shida ya sukari, laktosi imejaa. Shida yao ni asidi amino, maana maziwa yana chache zilizo huru. Nyingi zimefungwa ndani ya kasini, protini kuu ya maziwa. Lactococcus lactis ana kimeng'enya anachokibandika nje ya ukuta wake cha kukatia kasini. Ni ghali kukitengeneza. Basi hutokea wajanja walioipoteza jeni yake, wanakula vipande vinavyoelea vilivyokatwa na wenzao, na kwa kuwa hawabebi gharama wanaongezeka. Wajanja wakizidi, maziwa yanachelewa kuganda, kwa sababu hakuna anayekata. Ukiona mbegu yako ya mtindi imedhoofika baada ya kurudiwa mara nyingi, hicho ni kimojawapo cha vinavyoweza kuwa vimetokea.

Kipindupindu kina uhusiano na somo hili?

Kinao. Wengi mnakumbuka mlipuko ulioanza hapa Dar es Salaam Agosti 2015. Vibrio cholerae, bakteria wake, ana makazi mawili yasiyofanana. Kwenye maji ya chumvichumvi hujibandika kwenye maganda ya vijidudu jamii ya kamba na kula kitini, kitu kigumu kinachohitaji vimeng'enya maalumu kukikata. Akimezwa na mtu, anajikuta kwenye utumbo mwembamba wenye virutubisho tele. Huko anawasha protini nyingine: nyuzi za kujishikiza, na sumu inayomfanya mgonjwa aharishe maji. Anahama nyumba na kubadili vyombo vyote. Kuchemsha au kutibu maji ya kunywa kunamkatia safari kabla hajafika huko.

Dawa za antibiotiki zinaingiaje?

Kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza nimeshaugusa. Kloramfenikoli, tetrasaiklini na erithromaisini zote zinalenga ribosomu. Bakteria akibanwa kidogo nazo hujibu kwa kujaza ribosomu zaidi, na nafasi hiyo inakatwa kutoka kwenye vimeng'enya. Ule mstari wa pili wa 2010 ndio huo.

Mlango wa pili ni mwendo wenyewe. Penisilini na ndugu zake huua bakteria anayejenga ukuta, yaani anayekua. Mwaka 1944 Joseph Bigger wa Dublin aliona kwamba penisilini haikuwamaliza stafilokokasi wote. Wachache walibaki hai, na alipowakuza upya watoto wao walikufa kwa penisilini kama kawaida. Hawakuwa sugu. Walikuwa wamelala. Kifua kikuu kina bakteria wa mwendo wa pole na wengine wasiokua kabisa, na hiyo ni sehemu ya sababu kwa nini matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Mengine ya dozi muulizeni daktari au mfamasia, mimi ni mwalimu.

Bakteria mmoja akigawanyika kila dakika 20, mbona hajaijaza dunia?

Kwa saa 10 hugawanyika mara 30, na 2 kwa kipeo cha 30 ni zaidi ya bilioni moja. Chakula kinaisha mapema sana. Mwendo wa dakika 20 ni sherehe, na maisha mengi ya bakteria ni kungoja sherehe.

Naweza kufanya jaribio nyumbani?

E. coli usikuze nyumbani, hata kidogo. Fanya la mtindi. Chukua maziwa lita moja, yachemshe, yapoze hadi yawe vuguvugu, gawa kwenye mitungi miwili iliyooshwa kwa maji ya moto. Mtungi wa kwanza tia kijiko cha mtindi ulioganda leo asubuhi. Wa pili tia kijiko cha mtindi uleule uliokaa kwenye friji wiki nzima. Funika, weka pamoja kabatini, halafu kila nusu saa inamisha taratibu uone kama maziwa bado yanateleza. Bakteria wa mtungi wa pili wamekaa muda mrefu na baridi, asidi na njaa. Wengine watakuwa wamekufa, na waliobaki wanaanza kwa kupanga upya majiko, kwa hiyo natarajia maziwa yake yachelewe kuganda. Mwanafunzi wangu mmoja wa Manzese alirudi na matokeo yaliyo kinyume, tukagundua kwamba mtungi wake wa pili alikuwa ameuweka karibu na jiko la mkaa. Joto liwe moja kwa yote miwili. Andika saa ya kila uchunguzi kwenye daftari, na umeme ukikatika friji ikazima katikati ya ile wiki, andika na hilo.